Askari Jela na Wafungwa wa Maisha

Wanachama wengine wameuliza chama cha wafanya kazi kina shauri gani na jela. Tunalo.

Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwaondolea kitanzi watu zaidi ya 4,000, akawapa kifungo cha maisha. Kwanza walikuwa wakikaa bure wakingoja kifo ambacho serikali haikukitekeleza tangu 1987. Sasa waliweza kufanya kazi kama wafungwa wengine. Jambo hilo lilikuwa jema.

Lakini sheria ya magereza humpunguzia mfungwa wa miaka theluthi moja akiwa na bidii na mwenendo mwema. Wa maisha hapunguziwi hata siku moja. Basi askari jela atamtuliza kwa ahadi gani? Hana kitu mkononi ila rungu. Na askari huyo mwenyewe, sheria ya vyama ya mwaka 2007 ilimwacha nje.

Sisi twataka wafungwa wa maisha wasilazwe pamoja na vijana wa miezi sita, wafundishwe useremala wa kweli (si kufagia tu), na kila mmoja shauri lake litazamwe tena baada ya miaka. Askari naye aruhusiwe chama.