Ushauri Kabla ya Msingi



Mama zangu, dada zangu na ndugu wasomaji, wengi wetu tunaujua ule ukumbi wa wanawake ulioko orofa ya juu ya msikiti, chini ya mabati, madirisha yake madogo yakitazama magharibi. Adhuhuri watu huswali kwa subira. Ikifika alasiri, joto huwa limekwisha kushuka kutoka paani, na mama wazee huamua kubaki majumbani. Kamati huchangisha feni. Feni zikipatikana, huchangishwa tokeni za umeme, na Ramadhani ikiingia mchango huo hurudi upya. Ni nadra mtu kuuliza kosa lilianza wapi. Lilianza siku ramani ilipochorwa, pasiwepo wa kuuliza jua litapita upande gani na upepo utaingilia wapi.

Juma hili napenda tuutazame ushauri unaostahili kutolewa siku hiyo. Huko Marekani umekuwa kazi rasmi ya makampuni ya umeme kwa miaka mingi. Kampuni ya Xcel Energy, inayohudumia majimbo kama Minnesota na Colorado, ina mpango wa kumsaidia anayekusudia kujenga jengo kubwa, kama vile shule au ofisi. Katika jimbo la California, makampuni manne makubwa ya umeme na gesi yaliendesha kwa pamoja mpango ulioitwa Savings By Design.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye jengo hukutanishwa na wahandisi ramani ikiwa ingali changa. Wahandisi huliunda jengo lile ndani ya kompyuta na kulipitisha katika hali ya hewa ya mwaka mzima ya mahali pale. Kisha humweleza: ukipunguza vioo upande huu utaokoa kiasi kadhaa, ukiongeza kinga ya joto paani utaokoa kiasi kadhaa, na gharama ya ziada itarudi baada ya muda fulani. Mwenye jengo huchagua mwenyewe. Jengo likitumia nishati kidogo kuliko kiwango cha sheria, kampuni humlipa fungu la fedha kwa kadiri ya alichookoa, na huko California wachora ramani nao waliweza kupata malipo yao. Kazi ikimalizika, jengo hukaguliwa ili ijulikane kama ahadi imetimia.

Msomaji atauliza, naye ana haki: ni mfanyabiashara gani anayemfundisha mteja wake kununua kidogo? Majibu ni mawili. Kwanza, kampuni hulazimika kuwa na mitambo ya kutosha kwa ile saa ambayo watu wote wamewasha viyoyozi kwa pamoja. Kujenga mtambo mpya kwa ajili ya saa chache za mwaka ni gharama kubwa, na mara nyingi kuyapunguza mahitaji ni rahisi zaidi. Pili, ni sheria. Mwaka 1982 California ilianza kuitenganisha faida ya makampuni ya umeme na wingi wa mauzo yao. Msimamizi wa serikali hukadiria mapato yanayowastahili. Wakiuza zaidi ya makadirio, ziada humrudia mteja, na wakiuza pungufu, hufidiwa. Hapo kampuni haipotezi kitu kwa kutoa nasaha ya kweli.

Hata hivyo tusiifanye kuwa sadaka. Fedha za mipango hii hutoka katika bili za wateja wote, akiwemo mjane anayeishi chumba cha kupanga. Anayejenga jengo jipya kwa kawaida ni mwenye uwezo. Kwa hiyo ni haki kuuliza kila mara kama faida inawafikia wanaochangia.

Tukirudi kwetu pwani, tutakuta ushauri huu haukuwa mgeni. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe na chokaa, ambazo hukawia kupata moto. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Ua wa ndani uliipandisha hewa yenye joto, na vichochoro vyembamba vilizifanya nyumba zitiliane kivuli. Mwenye kujenga hakuhitaji kumlipa mshauri, kwa kuwa mila na fundi wake ndio waliokuwa washauri. Leo tunaleta Mombasa ramani iliyochorwa kwa ajili ya baridi ya Nairobi, au tunaiga jumba la Ghuba lililotegemea kiyoyozi tangu mwanzo. Mila imeondoka, na mahali pake hapajapata mwenyewe.

Lipo pia jambo la hewa ya ukaa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mito, upepo wa Turkana na jua. Umeme wetu, basi, una moshi mdogo ukilinganishwa na wa nchi zinazochoma makaa ya mawe. Saruji ni jambo jingine: utengenezaji wake duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Kwa familia ya pwani, nyumba isiyochafua mazingira huanza kwa kutomimina zege pasipo haja, kisha kwa kujenga chumba kinachokalika bila mashine.

Je, shirika letu la umeme laweza kutusaidia? Kenya Power imekwisha kuonyesha, kwa kampeni yake ya Pika na Power, kwamba inaweza kumfundisha mama mpaka jikoni. Lakini somo la kupika kwa umeme huongeza mauzo, na somo la kujenga nyumba yenye ubaridi huyapunguza. Hili la pili halitakuja kwa hiari peke yake. Litahitaji kanuni za EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi, zinazomfidia muuzaji kwa kusema kweli kama ilivyofanyika California. Ni jambo linalofaa kuulizwa wanapokuja viongozi kutuomba kura.

Tusikae kungoja, maana kushauriana tumeamrishwa na israfu tumekatazwa. Kabla msingi haujachimbwa, iwe ni nyumba, madrasa au msikiti, tumwite mchora ramani na fundi, tuwaulize haya.

Kuta ndefu zinatazama wapi? Sisi tuko karibu na ikweta, na jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi mwaka mzima. Kuta ndefu na madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Upande wa magharibi uachiwe ngazi, stoo na vyoo.

Upepo unaingilia wapi na kutokea wapi? Kusi huvuma takriban tangu Aprili hadi Septemba, kaskazi tangu Desemba hadi Machi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipati faida ya pepo hizo.

Paa litakuwa na rangi gani? Paa jeupe huurudisha mwanga wa jua badala ya kuumeza. Baina ya mabati na dari iachwe nafasi yenye matundu ya kutolea joto.

Stara itahifadhiwa vipi? Swali hili wanaume huweza kulisahau. Dirisha linalotazama barazani huonekana zuri katika ramani, lakini mwanamke akihamia hulifunga kwa pazia zito, na upepo wote hupotea. Dirisha lililoinuliwa juu ya kimo cha mtu, au ukuta wa matofali ya matundu, huleta hewa na kulinda stara kwa pamoja. Anayejua haja hiyo ni mwenye kukaa humo.

Kwa sababu hiyo, ombi langu kwa kamati zetu ni moja. Siku ramani inapotandazwa mezani, wawepo akina mama wawili watatu, nao wasikilizwe. Mstari wa penseli hufutwa kwa raba. Dirisha lililokosewa likishajengwa, kulihamisha ni kuvunja ukuta na kurudi kwa waumini wale wale kuomba mchango mwingine.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.