Kadi Moja, Watu Arobaini

Jamani, nisameheni nikianza na choo. Najua kurasa hizi zimezoea mapenzi, mwezi na machozi. Lakini mimi nilishona suruali miaka miwili katika kiwanda kimoja huko Athi River, na kilichonitoa machozi hakikuwa mapenzi.

Laini yetu ilikuwa na watu arobaini na kadi moja. Kadi ya plastiki, imetundikwa msumarini kando ya supavaiza. Ukibanwa, unainua mkono kama mtoto wa nasari, unapewa kadi, dakika zako zinaandikwa. Kadi ikiwa haipo, jikaze. Ukikawia, unaulizwa mbele ya watu: "We, ulikuwa unajifungua huko?" Watu wanaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, hadi siku niliyoulizwa mimi.

Basi tukajifunza ujanja wa maskini: kutokunywa maji. Tangu chai ya alfajiri hadi saa saba, katika joto la pasi za mvuke, hata tone. Dada wa mashine ya pili aliugua njia ya mkojo mara tatu. Siku zake zikifika, alijifunga sweta kiunoni, Januari, jua likiwaka. Sote tulijua kwa nini. Sote tulinyamaza.

Wakubwa watasema, "Si vyoo vipo?" Vipo, tena vya vigae. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai vyoo vya kutosha, nao wamejenga. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Lakini choo usichoruhusiwa kuingia kina tofauti gani na picha ya ugali ukutani? Hushibi.

Ati tutazembea! Mtu aliyebanwa hushona kombo, na suruali hiyo itafumuliwa irudiwe. Hasara ya nani? Wekeni mshonaji wa akiba kila laini, atakayekaa mashineni mwenzake akitoka, na hiyo kadi mkaitupe.

Nanyi waandishi wenzangu, msinikunjie pua. Mficha uchi hazai. Mama zetu na dada zetu wanarudi nyumbani jioni wakikimbilia choo kabla ya kutusalimu, nasi tunakaa mezani kutafuta vina vya mwezi. Kama kalamu zetu zinaona haya kulitaja hili, basi nazo zinangoja kadi.