UDAKTARI HAUNUNULIWI KWA JINA LA CHUO

Wapo miongoni mwa wanachama na wafanyakazi wenzetu ambao watoto wao, baada ya kufaulu vema kidato cha sita, hupokea barua za kukubaliwa katika vyuo vya Marekani ili waianze safari ya udaktari. Barua ya namna hiyo huleta furaha kubwa nyumbani, nayo ni furaha ya haki. Lakini furaha ikipoa huja hesabu, na baada ya hesabu huja mabishano ya ukoo mzima: tuchague chuo chenye jina kubwa na gharama kubwa, au kile kisichovuma sana chenye gharama nafuu? Wapo wazazi walio tayari kuuza nyumba au shamba kwa ajili ya jina. Kwa hao hatuna budi kusema.

Yapasa kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Huko Marekani kijana hatoki sekondari akaingia moja kwa moja katika chuo cha udaktari, kama ilivyo desturi kwetu. Kwanza husoma shahada ya kwanza kwa miaka 4, katika somo lolote alipendalo, mradi apitie biolojia, kemia, fizikia na mengine yanayotakiwa. Kipindi hicho ndicho kiitwacho maandalizi ya udaktari. Hakimpi mtu ruhusa ya kumtibu hata mgonjwa mmoja. Baadaye hufanya mtihani uitwao MCAT, huomba nafasi katika chuo cha udaktari chenyewe, husoma miaka 4 mingine, kisha hufanya kazi hospitalini chini ya mabingwa kwa miaka 3 hadi 7. Basi jina tunalolipigania ni jina la kipandio cha kwanza tu cha ngazi ndefu.

Je, kipandio hicho chagharimu nini? Katika vyuo binafsi vyenye sifa kubwa, ada, malazi na chakula kwa mwaka mmoja vimepita dola 80,000, yaani kiasi cha shilingi milioni 200 za Tanzania. Kwa miaka 4 ni zaidi ya dola 320,000. Mwenyeji wa jimbo anayesoma katika chuo kikuu cha jimbo lake mara nyingi hutumia chini ya nusu ya hizo. Tukumbuke kwamba vingi vya vyuo hivyo vya umma vilipata nguvu kutokana na sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln, ambayo ilitoa ardhi ya serikali ili pawepo vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wanaofanya kazi. Havikuanzishwa kwa ajili ya fahari. Hata hivyo vimetoa madaktari wasiohesabika.

Na wakaguzi wa mlango wa chuo cha udaktari hutazama nini? Hutazama alama za miaka 4, matokeo ya MCAT, kazi aliyoifanya kijana miongoni mwa wagonjwa, barua za walimu wake, na majibu yake katika usaili. Hatusemi kwamba jina la chuo halitazamwi kabisa. Kusema hivyo kungekuwa kuwadanganya wasomaji wetu. Lakini jina halimwokoi mwenye alama hafifu. Mwaka 2024 waombaji wapatao 52,000 walibisha mlango huo, na walioingia walikuwa kiasi cha 23,000. Zaidi ya nusu walibaki nje, na wapo waliobaki nje wakiwa na shahada za vyuo mashuhuri.

Watetezi wa jina wana hoja zao, nasi hatuzidharau. Husema kwamba chuo tajiri kina maabara bora, walimu mashuhuri na washauri wengi. Ni kweli. Husema pia kwamba chuo tajiri huweza kumsaidia maskini kuliko chuo cha kawaida. Hili nalo ni kweli, na ni la maana sana. Mwaka 2025 Harvard ilitangaza kwamba jamaa zenye pato la mwaka lisilozidi dola 100,000 hazitalipa chochote, wala ada wala chakula. Kwa hiyo bei iliyoandikwa mlangoni siyo sikuzote bei atakayolipa mtoto wa mfanyakazi. Ikiwa chuo kikubwa kinamchukua mtoto na kumlipia, aende, na baraka zetu ziwe pamoja naye. Tunalolipinga ni kulinunua jina kwa deni.

Wanaodhani kwamba pasipo jina hapana udaktari na watazame Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, katika mji wa New Orleans. Ni chuo kidogo, kilichoanzishwa na mtawa Katharine Drexel kwa ajili ya watu weusi waliofungiwa milango ya vyuo vingine kwa sababu ya rangi yao. Hakina utajiri wa vyuo vya kaskazini. Lakini kwa miaka mingi kimekuwa mbele ya vyuo vyenye majina makubwa katika kutoa vijana weusi wanaoingia vyuo vya udaktari na kuhitimu. Siri yake si uchawi. Walimu huwafuatilia wanafunzi tangu mwaka wa kwanza, na wanafunzi hufundishana pasipo kuona haya, wala aliye nyuma haachwi apotee. Sisi tuliolelewa katika moyo wa ujamaa hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya jambo hilo.

Tena, deni halimwachi mtu huru. Daktari mpya wa Marekani aliyekopa huanza kazi akidaiwa, kwa kawaida, kiasi cha dola 200,000. Mwenye mzigo huo atavutwa kwenye mshahara mnono wa mjini kabla ya kukumbuka zahanati ya kijijini. Na mambo yamezidi kubana: sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kikomo cha mikopo ya serikali kwa wanaosomea udaktari, dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, ilhali vyuo vingi vya udaktari hugharimu zaidi ya hapo. Fedha iliyoteketezwa katika kipandio cha kwanza itatafutwa katika kipandio cha pili, isionekane.

Kwa mtoto wetu hali ni ngumu zaidi. Mikopo hiyo ya serikali haimhusu mgeni. Vyuo vingi vya udaktari vya huko havipokei wageni, na baadhi ya vinavyowapokea hutaka kwanza vione fedha za miaka yote 4. Mzazi aliyeuza nyumba kwa ajili ya jina aweza kumwona mwanawe akisimama katikati ya safari, mkononi ana shahada ya biolojia, na nyuma yake hapana nyumba.

Nasi tuna njia yetu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, taifa likiwa bado changa; leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, na Moshi na Mwanza wana vyuo vyao. Kijana husoma miaka 5, hufanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka 1, kisha ni daktari. Kudhani kwamba njia hii ni duni kwa sababu haivuki bahari ni kasumba.

Ushauri wetu kwa mzazi ni huu. Kabla ya kutia saini, uliza mambo matatu: miaka yote itagharimu kiasi gani, si mwaka wa kwanza peke yake, chuo hicho cha udaktari kitakachofuata kitalipiwa na nani, na mtoto akibadili nia njiani, kama wengi wanavyobadili, atabaki na nini mkononi. Majibu yakiwa mema, mpeleke. Yakiwa mabaya, usione haya kukataa jina. Mgonjwa aliyelala kitandani hamwulizi daktari alisoma wapi shahada ya kwanza. Anataka apone.