Mazungumzo ya Nyumbani: Gita la Mwenda wa Bayeke

Juma hili nimepokea barua ya sajini mmoja wa kambi mojawapo ya hapa Bujumbura. Jina lake nalihifadhi kama alivyoomba. Anaeleza kwamba mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 16, ameanza kukosa masomo ya alasiri ili akajifunze gita kwa vijana wenzake wa Buyenzi. Siku moja baba alirudi kutoka zamu ya usiku, akalikuta gita limeegemezwa ukutani, mahali palipostahili kuwa na madaftari. Akalitwaa, akalipiga kizingitini, shingo ikakatika. Sasa ni siku ya 11. Mtoto humwamkia baba yake kila asubuhi, hula, hulala, lakini hasemi naye neno lingine. Mama amekaa kati yao kama mkalimani. Sajini anauliza mambo mawili: je, alikosa? Na katika hao wapiga gita, ni nani aliyepata kuzeeka na heshima yake?

Swali la kwanza nitalirudia. La pili lina jibu, nalo halitoki mbali. Liko ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, kusini, katika nchi ya Katanga.

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke, ambao ulikuwa makao ya mtawala Msiri katika karne ya 19. Ndiyo maana watu walimwita pia Mwenda wa Bayeke. Karibu na hapo ulikuwapo mji wa migodi, Jadotville, unaoitwa leo Likasi. Wazee wetu waijua Katanga hiyo, kwa kuwa kampuni ya Union Minière ilichukua wafanyakazi hata kutoka Ruanda-Urundi, na katika kambi za migodi lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, la. Ni kile cha Katanga, ambacho mimi niliyewahi kushika chaki ningekitia wino mwekundu katika kila mstari. Lakini Mwenda aliimba kwa hicho hicho, akasikika hadi Nairobi, wala hakuna aliyemrudishia daftari.

Mwaka 1952 alipita Katanga Mwingereza mmoja aliyefanya makazi yake Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti akikusanya muziki wa wenyeji. Huko Jadotville akamkuta kijana huyu wa miaka 22 na gita lake. Akamrekodi. Santuri zikatolewa na kampuni ya Gallotone, na wimbo mmoja, «Masanga», ukawa ndio jina la pili la mpigaji wake.

Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo penye utamu. Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume: kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushika nyuzi nene na kwenda kwa mwendo wake, wala hauachi. Kidole cha shahada hucheza katika nyuzi nyembamba, na mwendo wake ni mwingine kabisa, mara unawahi, mara unachelewa, kisha unakutana na gumba mahali usipotazamia. Askari atanielewa upesi: ni kama mtu aendaye kwa hatua sawa ya gwaride huku akipiga mluzi wa ngoma ya kwao, na miguu isikosee. Asikilizaye santuri hudhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, aliandika katika jarida la «African Music» mwanzoni mwa miaka ya 1960 uchambuzi wa upigaji huo, akiufuatilia noti kwa noti. Nani basi aliyemfundisha Mwenda? Alisikia muziki wa kwao, akasikia santuri za Kuba, akatazama sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani waimbao juu ya farasi, na vyote akavipitisha katika vidole hivyo viwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alikuwa mpiga gita mashuhuri aliyejulikana Kenya. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza chombo hicho walimtazama Mwenda kama mwalimu, na kizazi kizima cha wapiga gita wa huko kina alama ya kidole chake.

Sasa, Bwana Sajini, sikiliza sehemu hii kwa makini kuliko zote, maana wapiga gita wengi hawaisimulii. Mwenda hakula kwa gita peke yake. Alifanya kazi benki. Alifanya kazi katika utawala wa mji wa Likasi. Alifanya kazi katika kampuni ya migodi, Gécamines, huko Lubumbashi. Alisimamia bendi, na alikuwa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia. Mtu aliyejua kuandika barua ya ofisi na kujumlisha hesabu asubuhi, ndiye huyo huyo aliyeimba jioni. Sisemi kwamba ofisi ilimpendeza. Mimi mwenyewe ni mtu wa ofisi, nayajua mafaili. Nasema tu kwamba alipoitwa kwenda mbali, hakwenda kama ombaomba.

Naye aliitwa. Mwaka 1969 alipiga gita katika tamasha la Newport huko Marekani, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Ulaya pia alifika. Mwaka 1982 kilichapishwa mjini Vienna kitabu cha John Low, mpiga gita wa Kizungu aliyesafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, ili kuwatafuta Mwenda na wenzake na kujifunza kwao. Mwaka 1988, huko Cape Town, Mwenda alirekodi tena, naye ana umri wa miaka 58. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Tangu santuri ya kwanza ilikuwa imepita miaka 38. Huyo ndiye aliyezeeka na heshima yake, ijapokuwa barabara haikumwacha azeeke sana.

Nirudi kwa swali la kwanza. Kumzuia mtoto asitoroke masomo, hukukosa. Kuvunja gita, ulikosa, na tena barua yako haisemi gita lilikuwa la nani. Kijana wa miaka 16 asiye na mshahara aghalabu huazima. Ikiwa ni la mwenzake, basi una deni Buyenzi, na mwanao analibeba peke yake kila apitapo mtaa ule. Huenda ndiyo sababu ya kunyamaza kwake. Muulize hilo kwanza, wewe, si kwa kupitia kwa mama yake.

Kisha mpatane saa: alasiri ni ya shule, jioni baada ya madaftari ni ya gita, na siku ya mtihani hakuna gita. Akianza kutunga nyimbo zake, azitie katika daftari na tarehe, kwa kuwa Burundi ina sheria ya haki za mtunzi ya mwaka 2005, na mtunzi asiye na maandishi hupata taabu kuthibitisha kilicho chake.

Ama ile shingo, usiitupe. Iwapo mti umepasuka kwa urefu, seremala aweza kuiunga. Legeza nyuzi zote na uzitoe kwanza. Futa vumbi katika ufa, tia gundi ya mbao pande zote mbili, bana, kisha zungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uukaze sana. Liache mpaka kesho yake bila kuliinua. Mwanao na ashike upande mmoja wakati wewe unakaza mpira, maana kazi hiyo yataka mikono minne.