Kostimu Si Sakramenti



Mara nyingi katika parokia zetu tunasikia neno hili: «Siwezi kufunga ndoa mwaka huu, sijapata kostimu.» Kijana amekwisha kutoa mali kwa wakwe, amefundishwa dini, hakuna kizuizi. Lakini angali anangoja kostimu nyeusi, kravati na viatu vyenye kung'aa. Anangoja mwaka, anangoja miwili, na huku anakaa na mwanamke bila sakramenti. Ukimwuliza sababu, anajibu: «Ndiyo desturi ya wakristu.»

Desturi ya wakristu? Tutazame vema ilikotoka.

Mavazi hayo yalipata sura yake Ulaya katika karne ya 19, hasa Uingereza wakati wa malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Victoria aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Je, Albert alivaa kostimu nyeusi? Hata kidogo! Alivaa mavazi ya jemadari wa jeshi. Miaka ile mabwana arusi matajiri walipenda koti la buluu, kwani nyeusi ilikuwa rangi ya matanga. Baadaye desturi ikageuka: koti refu jeusi lenye kufika magotini, suruali ya kijivu, kofia ndefu ya hariri. Karibu na mwisho wa karne, koti hilo nalo likaanza kuachwa, likaingia jingine lililokatwa mbele. Utawala mmoja, mavazi mara tatu! Je, sheria ya Mungu inageuka namna hiyo?

Tena, kwa nini Waingereza walioa na nguo za asubuhi? Kwa sababu sheria yao iliamuru ndoa zifungwe kati ya saa mbili ya asubuhi na saa sita. Ni mwaka 1886 tu walipoongeza hata saa tisa ya alasiri. Basi kuoa na nguo za jioni kulikuwa aibu kwao. Lakini ng'ambo ya bahari, kwa Wafaransa, bwana arusi alivaa nguo hizo hizo za jioni mchana kweupe, wala hakuona haya. Aibu ya London ilikuwa heshima ya Paris. Hayo ni mambo ya mafundi wa nguo, si ya mitume.

Na maskini wa Uingereza? Alivaa nguo yake njema ya Dominika, akaoa, kisha akarudi kazini.

Mtu atasema: «Mwalimu, unataka twende altareni na matambara?» Sivyo. Nguo safi ni heshima kwa Mungu na kwa bibi arusi. Lakini Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili au watatu. Juu ya kostimu haukusema neno.

Na sisi Wakongo tunao ushuhuda wetu. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Zaire ilikataza kostimu na kravati. Ruhusa ilirudi 1990. Baba zetu wengi walioa na abakosti, shingo wazi. Nani atathubutu kusema ndoa zao ni bure?

Basi, ninyi wazazi na wakwe, msimtwike kijana mzigo ambao Eklezia haikumtwika. Na wewe kijana, fua shati lako, lipige pasi, umwendee padri. Deni la kostimu litakula chakula cha watoto wako. Neema ya sakramenti haiuzwi dukani.