Kadi Rahisi, Safari Ghali

Anayewashauri wazee wa kisiwa cha Bwejuu, Mafia, wachague bima kwa kutazama bei tu amepima nusu ya gharama. Kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa ikihudumia kaya ya watu wasiozidi 6 hadi hospitali ya mkoa, si haba. Lakini kwa mzee aliyepata kiharusi, tiba haiishii kwenye dawa: mkono uliolegea hurudishiwa nguvu kwa mazoezi ya viungo ya wiki nyingi, na Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, iko ng'ambo ya maji, sembuse Kibaha kwenye hospitali ya mkoa. Watasema mzee asiyejiweza mwenye miaka 60 au zaidi hutibiwa bure. Kweli, ila msamaha haulipi nauli ya mashua. Basi kabla ya kulipa, aulize: utengamao, yaani mazoezi hayo ya kurudisha nguvu, umo? Mara ngapi? Wapi?