Bibi harusi, usikimbilie kuvutwa mgongo



Kila msimu wa harusi ukimalizika, baadhi ya wadogo zetu huondoka visiwani kuwafuata waume zao bara. Wapo wanaofikia Babati, mji mkuu wa Mkoa wa Manyara, nchi ya mahindi na mbaazi. Kazi nyingi huko ni za kuinama na kubeba: jembe, ndoo ya maji, kuni, kufua, na baadaye mtoto mgongoni. Kiuno kikianza kuuma, washauri hawakosekani: "Nenda ukavutwe mgongo, utapona."

Kuvutwa ni hivi. Mgonjwa hulazwa kitandani, akafungwa mkanda mmoja kifuani na mwengine kiunoni, kisha mashine au vitu vizito vikamvuta. Lengo ni kupanua nafasi baina ya pingili za uti wa mgongo, ili mshipa wa fahamu uliobanwa upate nafuu. Wengine husikia wepesi wakiwa pale kitandani. Lakini mtu hainuki na kitanda. Akisimama, uzito wa mwili unarudi pale pale.

Maoni yetu ni kwamba pesa za mahari zisiishie huko. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya tafiti 32 zenye wagonjwa 2,762, wakaona kuvutwa hakupunguzi maumivu kwa kiasi cha maana wala hakumrudishi mtu kazini mapema zaidi. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba wagonjwa wa kiuno wasipewe tiba hii. Shirika la Afya Duniani nalo, Disemba 2023, halikuipendekeza kwa maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza mazoezi, na mgonjwa kuelimishwa ajue namna ya kuishi na mgongo wake. Na mwenye mimba asikubali kufungwa mikanda hiyo kabisa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kutafuta ni pamoja na kuuliza. Ukiwa Babati, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapo hapo. Muone daktari, umuulize kuhusu mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usilale kitandani wiki nzima. Tembea kidogo kidogo. Ndoo moja kubwa igawe mbili ndogo. Na ukishindwa kusujudu, dini imekupa ruhusa ya kuswali umekaa, hata umelala ubavu.

Kuna jambo linalotutia hofu zaidi ya pesa, nalo ni haya. Ukihisi ganzi sehemu za siri au baina ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila ya kujijua, au mguu ukaishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mishipa ikikaa imebanwa, ulemavu unaweza kubakia. Bibi harusi wa mwezi mmoja atamwambia nani maneno hayo? Mama mkwe? Mume ambaye bado anamuonea aibu? Mwambie mume, naye akupeleke. Omba daktari mwanamke. Akikosekana, dharura ina hukumu yake. Vile vile homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na hicho kinatibiwa kwa dawa za hospitali, si kwa kuvutwa.

Makungwi wetu, mnapomfunda mwari mambo ya chumbani, mfundisheni na haya: mwili wake ni amana, na kuusemea si utovu wa adabu. Nanyi waume, ndoo ya maji haina jinsia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.